Depo ya vifurushi inataka kuja nyuma ya nyumba zetu: tuna nafasi gani?

SWALI: "Tunaishi Syokimau, kwenye mtaa wa nyumba za familia. Wiki iliyopita bango lilipachikwa kwenye uzio wa shamba la ekari tano lililo nyuma yetu. Linasema mwenye shamba anaomba kubadilisha matumizi kutoka makazi hadi biashara na maghala. Tumesikia ni depo ya kampuni ya kusambaza vifurushi na itafanya kazi usiku na mchana. Barabara yetu ni ya murram, magari mawili yanapishana kwa shida, na kuna shule ya chekechea kando yake. Tumekusanya saini zaidi ya mia tatu. Vijana wanataka tufunge barabara. Wengine wanasema kampuni imeshanunua shamba, kwa hiyo hakuna la kufanya. Chifu anasema tungoje mkutano wa wananchi. Wapo pia majirani wanaosema tunazuia ajira. Je, kisheria tuna nafasi yoyote, na tuanzie wapi?"

JIBU: Nafasi mnayo, na ni nzuri kuliko mnavyodhani. Kinachonitia wasiwasi katika barua yako ni neno "tungoje". Bango hilo ni tangazo la kisheria lenye siku zake, na matangazo ya kubadilisha matumizi ya ardhi kwa kawaida huwapa watu siku 14 kuwasilisha pingamizi. Likiwa limepachikwa wiki iliyopita, huenda nusu ya muda wenu imeshakwenda. Kwa hiyo kabla hujamaliza kusoma jibu hili, mtume mtu akalipige picha. Picha ionyeshe nambari ya shamba, tarehe, jina la mpangaji miji aliyetia saini, na anwani ya ofisi ya kaunti inayopokea pingamizi. Piga nyingine kwa mbali ionyeshe lilipo, maana nimeona mabango yaliyopachikwa nyuma ya michongoma ambako hata mchungaji wa mbuzi hawezi kuyasoma, na hiyo yenyewe ni hoja.

Sasa niondoe dhana zinazowarudisha nyuma. Ya kwanza ni kwamba aliyenunua shamba anaweza kujenga atakacho. Sivyo. Umiliki ni jambo moja na matumizi ni jingine. Sheria ya Kenya ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inamtaka kila mwendelezaji, yaani anayetaka kujenga au kubadilisha matumizi ya ardhi, apate kibali cha kaunti, na kwenu ni Kaunti ya Machakos. Sheria hiyo pia inamlazimu autangazie umma mradi wake na kuwaalika watu walete pingamizi. Kama shamba lingekuwa limeruhusiwa maghala tangu mwanzo, asingekuwa na haja ya kuomba mabadiliko. Fanyeni pia upekuzi wa hatimiliki kwenye ofisi ya ardhi. Kama ardhi ni ya kukodishwa na Serikali, hati yenyewe huwa na masharti ya matumizi, na mara nyingine hapo ndipo mtakapokuta maneno yanayosema ardhi ni ya makazi peke yake.

Lakini niwe mkweli upande wa pili pia. Mwenye shamba naye ana haki ya mali chini ya Katiba, na ana haki ya kusikilizwa bila upendeleo. Afisa hawezi kumnyima kibali kwa sababu tu majirani hawampendi, au kwa sababu thamani ya nyumba zenu itashuka. Hoja ya bei ya nyumba naiona katika karibu kila barua ya pingamizi, na ndiyo hoja dhaifu kuliko zote.

Hapo ndipo tunafika kwenye zile saini mia tatu. Afisa wa mipango hahesabu kura. Mbele yake kuna faili, na ndani ya faili kuna ombi, ripoti ya mpangaji miji wa kampuni, maoni ya idara za barabara, maji na mazingira, na pingamizi zilizofika kwa wakati. Karatasi moja yenye majina mia tatu chini ya sentensi "hatutaki depo" kwake ni pingamizi moja, tena isiyo na kitu cha kujibu. Barua kumi na tano zinazotofautiana zingewafaa zaidi: mwalimu wa chekechea aandike kuhusu saa za watoto kuingia na kutoka, mwenye nyumba ya mwisho aandike kuhusu maji ya mvua, mama anayefanya kazi zamu ya usiku aandike kuhusu usingizi wa mchana. Kila barua itaje nambari ya shamba na iseme "napinga" waziwazi. Ipelekeni kwa mkono na mgongewe muhuri kwenye nakala yenu. Saini msizitupe, mpelekeeni MCA wenu, yaani mwakilishi wa wadi kwenye bunge la kaunti, maana yeye ni mwanasiasa na hesabu hiyo anaielewa vizuri.

Kuna kifungu katika sheria hiyohiyo ya 2019 ambacho wakazi wengi hawakijui: mwombaji asipopata jibu la maandishi ndani ya siku 60, kibali huchukuliwa kuwa kimetolewa. Maana yake ni kwamba kaunti ikikaa kimya, kimya hicho kinamfaa mwombaji. Kwa hiyo kupeleka barua na kurudi nyumbani hakutoshi. Ulizeni ombi lilipokewa tarehe gani, na kila baada ya wiki mbili mtu mmoja aende ofisini kuuliza faili imefika wapi. Ofisi ikikataa kuwaonyesha, andikeni ombi chini ya Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016. Mnaruhusiwa kuliandika kwa Kiswahili, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Ikishindikana, Tume ya Haki ya Utawala, ile inayojulikana kama Ombudsman, ndiyo ya kuiendea.

Mlango wa pili ni NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Mradi wa aina hii unahitaji pia leseni ya mazingira, na leseni hiyo ina faili yake tofauti kabisa na ya kaunti. Watu hupigana vita vyote kwenye kaunti, kisha wanashtuka kuona bango jipya lenye nambari ya leseni ya NEMA. Gawaneni kazi tangu sasa: wawili wafuatilie kaunti, wawili wafuatilie NEMA. Miradi inayohesabiwa kuwa na athari kubwa huhitaji utafiti kamili na tangazo kwenye Gazeti la Serikali na magazeti ya kawaida. Ile inayohesabiwa kuwa na athari ndogo au ya wastani hupita kwa ripoti fupi bila tangazo hilo. Msikae mkisubiri kusoma gazetini kitu ambacho huenda hakitachapishwa humo. Andikieni NEMA barua sasa, waambieni nyinyi ni wahusika na mnataka kuarifiwa.

Huu mkutano anaousema chifu naomba mwuelewe sawasawa, maana hapa ndipo mitaa mingi huumizwa. Mtaalamu wa mazingira anayeandika ripoti analipwa na mwendelezaji. Anatakiwa aonyeshe kwamba alishauriana na watu, na ushahidi wake ni vitu viwili: hojaji zilizojazwa na orodha ya waliohudhuria mkutano. Nimesoma ripoti ambazo hojaji zake ishirini zina mwandiko mmoja, wino mmoja, na jibu moja: "Mradi ni mzuri, utaleta kazi." Nimesoma nyingine ambamo watu walitia saini karatasi ya kupokea soda na nauli, kisha karatasi hiyo ikaambatishwa kama uthibitisho kwamba jamii imekubali.

Sisemi msiende. Nendeni wote. Lakini kabla ya kutia saini popote someni kichwa cha karatasi, na kama hakina maneno yoyote, yaandikeni nyinyi: "Nimehudhuria. Napinga." Teueni katibu wenu aandike kumbukumbu za mkutano, nani alisema nini na alijibiwaje, na nakala mwipeleke NEMA siku ya pili. Mkipewa hojaji ijazeni kwa mkono wenu na mwipige picha kabla ya kuirudisha. Tena ombeni mpewe ripoti yenyewe kabla ya mkutano. Mtu hawezi kutoa maoni juu ya kitu ambacho hajakiona. Tarehe 26 Juni 2019 jopo la kitaifa la rufaa za mazingira, NET, lilibatilisha leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliopangwa kujengwa Lamu, mradi wa megawati 1,050. Sababu kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo: mikutano ya utangulizi ilifanyika, lakini utafiti ulipokamilika watu hawakupewa nafasi ya kutosha kuujua na kuujibu. Kama upungufu huo uliuangusha mradi mkubwa namna ile, depo ya ekari tano haiwezi kuupuuza.

Sasa hoja zenyewe. Depo ya vifurushi si godauni la kawaida. Godauni la kuhifadhi mahindi huweza kukaa siku nzima bila gari kuingia. Depo huishi kwa mwendo. Trela kutoka Mombasa hufika usiku barabara ikiwa nyeupe, mizigo hushushwa na kupangwa usiku huohuo, na kabla jua halijachomoza pikapu, malori madogo na bodaboda hutoka kwa mkupuo kwenda kwa wateja. Jioni hurudi. Kwa hiyo ripoti ikisema "wastani wa magari kadhaa kwa saa", ombeni idadi ya saa iliyo na msongamano mkubwa kuliko zote, na ulizeni bodaboda zimehesabiwa au zimeachwa. Mara nyingi zimeachwa.

Kuhusu kelele, mna kanuni madhubuti. Kanuni za NEMA za mwaka 2009 zinasema kelele inayofika nje ya nyumba katika eneo la makazi isizidi desibeli (kipimo cha sauti) 50 mchana na 35 usiku, na usiku kisheria unaanza saa mbili na dakika moja jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi. Thelathini na tano ni kiwango cha chini sana. King'ora kile cha lori linalorudi nyuma, ukiwa karibu nacho, kinaweza kuzidi 90. Na desibeli hazijumlishwi kama shilingi: ongezeko la 10 ni nishati ya sauti mara kumi, na sikio huisikia kama kelele iliyozidi mara mbili hivi. Umbali hupunguza, ukuta hupunguza, lakini ulizeni kampuni itafikaje 35 kwenye dirisha la nyumba iliyo karibu zaidi, na itanyamazishaje jenereta umeme ukipotea. Jambo moja mlifanye wiki hii: pimeni utulivu mlionao sasa, saa nne usiku na saa kumi alfajiri, siku kadhaa. Programu ya simu si kipimo cha mahakamani, lakini inaonyesha hali ilivyokuwa kabla, na depo ikishafunguliwa hamtaweza kurudi nyuma kuipima.

Barabara ndiyo ningeiweka juu kuliko zote kwenu. Chukueni futi kamba mpime upana wake mahali pembamba zaidi, mbele ya chekechea, na mpige picha futi ikiwa chini. Lori kubwa lina upana wa mita 2.5 hivi bila vioo. Mawili yakikutana yanahitaji zaidi ya mita tano, na mtoto atapita wapi? Hesabuni magari yanayopita kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi. Kuhusu uharibifu, majaribio makubwa yaliyofanywa Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kwamba madhara kwa barabara hukua takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli, yaani mhimili wa magurudumu. Ekseli ya tani 10, ambayo ni halali katika Afrika Mashariki, huumiza barabara kama ekseli elfu kumi za tani moja moja. Hiyo ni hesabu ya barabara zilizojengwa kwa lami na zege. Murram yenu juu ya udongo ule mweusi unaovimba kwa mvua na kupasuka kwa kiangazi ni dhaifu zaidi. Na kama magari yatatokea Barabara ya Mombasa, mwulizeni mwendelezaji kama ana idhini ya KeNHA, mamlaka ya barabara kuu, kwa njia hiyo ya kuingilia.

Halafu maji. Ekari tano ni karibu mita za mraba 20,000. Leo shamba hilo linanyonya sehemu ya mvua. Likifunikwa kwa zege na mabati, mvua ya milimita 50 italeta takriban lita milioni moja za maji yanayotafuta pa kwenda, yaani bauza mia moja za lita 10,000, kwa mvua moja tu. Nyumba zenu ziko upande gani wa mteremko? Kama mko chini, hoja hii peke yake inastahili barua yake, pamoja na picha za mafuriko ya msimu wa mvua wa 2024 kama yaliwafikia.

Nije kwa majirani wanaotaka ajira. Msiwadharau na msiwaite vibaraka. Kijana asiye na kazi ana haki ya kuiona depo kwa jicho tofauti na lako wewe unayetoka asubuhi kwenda ofisini. Wakaribisheni kwenye mkutano wenu na waulizeni swali moja la kufuatilia pamoja: ahadi ya kazi imeandikwa wapi? Kazi ngapi, kwa mshahara gani, kwa mkataba wa muda gani, na ngapi ni za bodaboda wanaolipwa kwa kifurushi na kujinunulia mafuta? Kama haiko kwenye ombi wala kwenye ripoti, bado ni maneno ya barazani. Kambi zenu mbili zikiuliza hayo kwa sauti moja, kampuni haitaweza kuwagawanya.

Kisha amueni mnataka nini hasa, na mwamue mapema. Kuna kuzuia kabisa, na kuna kukubali kwa masharti. Kama barabara haipitiki na hakuna njia nyingine ya kuingilia, pingeni moja kwa moja. Nyembamba ni nyembamba. Lakini kama shamba linapakana na barabara kubwa kwa upande wa pili, huenda kaunti ikaruhusu depo mwishowe, na mtu aliyesema "hapana" peke yake atakuwa hana lolote kwenye kibali. Afadhali barua yenu iseme: tunapinga, na endapo kaunti itaona vinginevyo, tunaomba masharti haya. Lango liwe upande wa barabara kubwa. Pasiwe na kupakia wala kushusha kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Pawe na bwawa la kuhifadhi maji ya mvua ndani ya uwanja, na maegesho yote, pamoja na ya bodaboda, yawe ndani. Masharti yaandikwe kwenye kibali chenyewe. Ahadi ya meneja mbele ya chifu haina nguvu, na meneja mwenyewe huhamishwa.

Kuhusu kufunga barabara, nakuomba uwatulize vijana. Katiba inawapa haki ya kuandamana kwa amani, na Sheria ya Utulivu wa Umma inataka polisi wajulishwe kwa maandishi siku 3 hadi 14 kabla, maandamano yakiwa kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Mkifuata hilo, tembeeni na mabango yenu hadi ofisi ya kaunti Mavoko. Lakini matairi yakiwashwa, kesho yake habari itakuwa fujo, vijana wenu wawili watakuwa seli, na pesa mlizochanga kwa mtaalamu zitaishia kwenye dhamana. Kwenye kundi lenu la WhatsApp pia, msiandike kwamba afisa fulani amehongwa kama hamna ushahidi mkononi. Kesi ya kuchafua jina huvunja chama cha wakazi upesi sana.

Ikiwa kaunti itatoa kibali licha ya yote, mna siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti inayosikiliza rufaa za mipango ya ardhi, na kutoka hapo Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Ikiwa ni leseni ya NEMA, rufaa huenda NET ndani ya siku 60. Mawakili hubishana siku hizo zinaanza kuhesabiwa lini. Nyinyi msiutegemee ubishi huo. Na kuna mtego: zamani rufaa yenyewe ilisimamisha ujenzi, lakini sheria ilibadilishwa na sasa lazima muombe amri ya kusimamisha. Asiyeomba hukuta kesi inaendelea na kuta zinapanda.

Msiache kuuliza eti kwa sababu leseni ipo. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024 gesi ililipuka katika kituo cha kujazia mitungi mtaani Mradi, Embakasi. Watu walikufa na nyumba zikateketea. Ilikuja kubainika kwamba mamlaka ya kawi, EPRA, ilikuwa imekataa maombi ya kituo hicho mara tatu mwaka 2023, na NEMA yenyewe ikakiri kwamba leseni yake haikutolewa kwa utaratibu. Depo ya vifurushi si kituo cha gesi, ila kama michoro inaonyesha tangi la dizeli, au kampuni inapanga kubeba mitungi na kemikali, mna haki ya kuuliza EPRA imesema nini.

Barua za pingamizi mnaweza kuziandika wenyewe, na ningependa mziandike wenyewe, maana barua ya mama wa mtaani yenye vipimo vyake husomeka kuliko ya kunakiliwa. Ila kuna hatua ambazo jibu langu halitoshi na inabidi mkae na mtu ana kwa ana. Mwoneni mpangaji miji aliyesajiliwa, asiye na uhusiano na kampuni, mara mtakapopata nakala ya ripoti yao. Saa chache zake zitaonyesha pale hesabu ya magari ilipopunguzwa. Mwoneni wakili wa mazingira siku mtakayosikia kibali kimetoka, siku hiyohiyo, au hata leo kama tingatinga limeshaingia shambani kabla ya kibali. Katiba haiwadai mthibitishe kwamba mmeshadhurika ndipo mwende mahakamani kutetea haki ya mazingira safi, lakini gharama zipo, na mkishindwa huenda mkadaiwa za upande wa pili, ingawa kesi za maslahi ya umma mara nyingi kila upande hubeba zake. Mwambieni wakili awaandikie makadirio kabla hamjachanga shilingi. Na mtu akija usiku na bahasha kwa mwenyekiti wenu, au akaanza kuwatisha, msilimalize kimyakimya: nendeni wawili au zaidi kuandikisha taarifa kituoni na mchukue nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi.

Kesho asubuhi, basi: nakala ya picha ya bango, barua zozote zilizo tayari hata kama ni tano, na watu wawili waende ofisi ya kaunti. Nyingine zitafuata kabla siku 14 hazijaisha.